Kravati: kuichagua, kuishona na kuifunga mpaka ikae

Kravati ni kitambaa kipana na chepesi kinachozungushwa shingoni, kufungwa fundo legevu, kisha ncha zake zikashushwa ndani ya shati au kizibao. Wengi wanaoijaribu mara moja na kuiacha hulaumu fundo, ingawa fundo lake ni jepesi kuliko la tai. Kinachoiharibu huwa ni kola isiyosimama, kitambaa kinachoteleza, au ncha fupi zinazochomoka kila ukiinama. Rekebisha hayo matatu kwanza. Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika moja.

Sokoni zipo za namna tatu, na kila moja ina shati lake. Kravati ya mchana huvaliwa kola ikiwa wazi, ikagusa ngozi ya shingo, na hiyo ndiyo tutakayoishughulikia zaidi hapa. Kravati ya sherehe ni pana na nzito zaidi. Huzungushwa juu ya kola iliyofungwa na kubanwa kwa pini, na mahali pake ni kwenye suti ya asubuhi ya Kiingereza, yenye koti lililokatwa mbele na kuachwa mkia nyuma. Ya tatu ni ile iliyokwisha kufinywa na kushonwa kiwandani, yenye lastiki au kulabu nyuma, inayouzwa pamoja na vizibao vya mabwana harusi. Hii ya mwisho haifai kabisa kwa kola wazi, maana lastiki itaonekana pembeni mwa shingo. Kama unanunua Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura, ukiomba kravati utaletewa tai ya kawaida, kwa hiyo eleza wazi kwamba unataka ile pana ya kuvaa ndani ya kola.

Anza na shati

Kola inayofaa ni ngumu kiasi, ina ncha za sentimita 7 hadi 8, na ikiwezekana ina vijiti vya plastiki ndani. Kazi yake ni kuibana kravati pande mbili na kuificha nyuma. Kola laini, kama ya fulana ya polo au ya shati la kitani lisilo na gamu (kitambaa cha kukazia kinachobandikwa ndani ya kola), hulemewa na kitambaa, na baada ya muda mfupi kravati inakuwa imeikalia kola badala ya kukaa ndani yake.

Chukua futi upime kola nyuma, kuanzia inaposhikana na shati hadi inapopinda. Ikiwa chini ya sentimita 4, mkanda wa kravati, yaani sehemu yake ya shingoni, utachungulia juu. Kisha pima kutoka kifungo cha kwanza hadi cha pili. Kravati ya mchana huvaliwa kifungo cha juu kikiwa wazi, kwa hiyo umbali huo ndio unaoamua shati litafunguka kiasi gani. Sentimita 7 hadi 9 zinatosha. Zikizidi, chini ya kravati inabaki pembe ya kifua kitupu na mavazi yote yanaonekana kama yamesahauliwa nusu. Dawa yake ni kushona kifungo kidogo cha kubana upande wa ndani, katikati ya vile viwili. Hakionekani, na shati linaweza kuvaliwa kama kawaida siku nyingine.

Shati jeupe la popilini nyembamba lina kasoro yake: ncha za kravati ya rangi nzito huonekana kifuani kama kivuli. Ama vaa shati zito zaidi, la oksifodi au twili, ama chagua kravati ya rangi nyepesi. Singlendi ndani inasaidia, mradi shingo yake iwe chini ya kifungo cha pili.

Kitambaa

Hariri ya twili, ile yenye michirizi myembamba ya mshazari ukiitazama kwa karibu, ndiyo inayofunga vizuri kuliko zote. Inajishika yenyewe, inakunjika bila kuvunjika, na haifanyi fundo kubwa. Satini inang'aa na kuvutia dukani, lakini inateleza, na fundo lake huachia bila wewe kujua. Poliesta nyembamba inafanana na hariri kwa macho tu. Haipitishi jasho, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa shingo itakuwa imelowa kabla hujafika unakokwenda. Kwa hali hiyo ya hewa hata pamba nyembamba ya melimeli ni bora kuliko poliesta ya bei kubwa. Kwenye baridi ya Nairobi mwezi wa Julai, au nyanda za juu kama Mbeya, mchanganyiko wa sufu na hariri unakaa vizuri sana chini ya sweta.

Kitenge kinawezekana kwa masharti mawili. Kifue kwanza ili wanga wa kiwandani utoke, na ukitumie upande wa mbele tu, nyuma ukaweka bitana nyepesi. Kitenge pande zote mbili kinatoa fundo kubwa kama ngumi.

Usiiamini lebo ya hariri kwenye kitambaa cha mitumba. Kwenye marundo ya skafu, Gikomba kwa Nairobi au Karume kwa Dar es Salaam, hariri na poliesta hulala pamoja. Chomoa nyuzi 2 au 3 ukingoni, zishike kwa kibanio juu ya sahani, ziwashe. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Pamba hunuka karatasi.

Ukipata skafu nzuri ya mraba huna haja ya kushona chochote, ila angalia kipimo. Skafu ya sentimita 90 kwa 90 ina urefu wa kama sentimita 127 kutoka pembe hadi pembe, na inatosha. Ya sentimita 70 inakupa 99 tu, na ncha zitachomoka. Itandaze, leta pembe mbili zinazotazamana zikutane katikati, kisha endelea kukunja kila upande kuelekea katikati hadi upate mkanda wa karibu sentimita 4 sehemu ya shingo. Sehemu za mwisho ziache pana.

Kushona yako mwenyewe

Vipimo hivi vinamfaa mtu anayevaa kola namba 38 hadi 42. Kravati ikikamilika itakuwa na urefu wa sentimita 120 na upana wa 15, ncha zote mbili zikiwa na pembe. Unahitaji mita 1 ya kitambaa chenye upana wa angalau sentimita 110 ukitumia kitambaa kimoja mbele na nyuma. Ukitaka bitana tofauti, vipande viwili vya mraba wa sentimita 75, kimoja cha kila kitambaa, vinatosha. Aliye na kola ya 43 na kuendelea aongeze sentimita 3 kwenye urefu wa kila kipande, na sentimita 4 kwenye mkanda wa shingo.

Kata vipande 4, kila kimoja sentimita 62 kwa 17, vyote kwa mshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45 kutoka ukingo wa kitambaa. Usikubali fundi akate kwa kufuata ukingo ili kuokoa kitambaa. Kravati iliyokatwa kwa mshazari inanyumbuka, inazunguka shingo bila kukunjamana na inajirudisha ukiifungua. Iliyokatwa wima inakaa kama utepe wa karatasi, na fundo lake linaacha alama isiyotoka. Chora kwa chaki kali, na uiweke hariri juu ya karatasi unapoikata ili isikimbie mkasi.

Unga vipande viwili kwa upana, uso kwa uso, ukiacha sentimita 1 ya mshono. Fanya hivyo pia kwa vile viwili vya nyuma. Fungua mishono kwa pasi. Sasa una mikanda miwili ya sentimita 122 kwa 17. Ilaze uso kwa uso, kisha kila mwisho weka alama katikati ya upana, pima sentimita 8.5 kurudi nyuma kwenye kila ubavu, uunganishe alama hizo kwa mstari. Pembe itakayopatikana ni mraba, na kwa kuwa kitambaa kimekatwa kwa mshazari, kingo zake zinafuata nyuzi za mtande na mshindio, yaani za urefu na za upana wa kitambaa. Ndiyo maana pembe hazitavutika, ila mbavu ndefu ndizo zitakazokusumbua.

Tumia sindano namba 9 au 11 na uzi mwembamba. Hariri haisahau tundu la pini, kwa hiyo weka pini ndani ya ile sentimita 1 ya mshono, au piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda. Kushona kote kunaacha sentimita 1, na sehemu ya sentimita 10 unaiacha wazi katikati ya ubavu mmoja, itakayofichwa baadaye na marinda. Mbavu zishone kwa zigizagi nyembamba sana, au kwa mshono wa kawaida wa urefu wa milimita 2 huku ukikivuta kitambaa kidogo tu. Ukishona bila kukivuta kabisa, uzi hautanyumbuka pamoja na kitambaa, na utakatika siku ya kwanza utakapokaza fundo. Ukikivuta mno, ubavu utakuwa na mawimbi kama jani la mgomba lililopigwa na upepo.

Punguza ncha za mshono kwenye pembe, geuza, sukuma pembe kwa kijiti butu, piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chenye unyevu. Ziba uwazi kwa mkono. Usiweke gamu ile ya kola, hata fundi akikushauri. Kravati inapendeza kwa sababu ya kujaa na kulegea; gamu inaigeuza kuwa kipande cha boksi. Kama hariri ni nyembamba mno, laza safu moja ya melimeli ndani.

Linabaki jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita haraka: marinda ya mkanda. Pima sentimita 38 kutoka mwisho mmoja, weka alama. Pima 36 zaidi, weka alama ya pili. Zinabaki 46. Sehemu ya 38 ni ulimi mfupi, ya 46 ni ulimi mrefu, na ya katikati ndiyo itakayokaa shingoni. Kiungo cha katikati na ule uwazi uliouziba vyote vimo humo, havionekani. Kunja upana wa sentimita 15 mara nne kwa mtindo wa kipepeo cha karatasi, mbele na nyuma, upate mkanda wa chini kidogo ya sentimita 4. Shona kwa mkono kwenye alama mbili, mishono midogo 5 au 6 inayopita tabaka zote, kisha piga mstari mmoja wa mkono katikati ya mkanda. Mishono ya kwenye alama ikilegea, marinda yatafunguka shingoni, na kravati itapanda juu ya kola hata ukiifunga vizuri namna gani.

Kufunga kravati ya mchana

Paka manukato na mafuta kwanza, subiri yakauke, ndipo uiguse hariri. Spiriti ya manukato huacha duara lisilotoka.

1. Inua kola, fungua kifungo cha juu na cha pili. Weka mkanda nyuma ya shingo, ndani ya kola, juu ya ngozi. Ulimi mrefu uwe mkono wa kulia, umeshuka kuliko wa kushoto kwa sentimita 14 hivi. Kwa kravati tuliyoishona hapo juu, vuta upande wa kulia sentimita 3 tu na utakuwa umefika.

2. Pitisha ulimi mrefu juu ya ule mfupi, chini kidogo ya koromeo.

3. Uzungushe nyuma ya ulimi mfupi na uurudishe mbele tena. Mzunguko huu mmoja ndio unaolishika fundo. Wanaouruka hulazimika kuirekebisha siku nzima.

4. Uingize ulimi mrefu kwa chini, nyuma ya fundo, uutoe juu kwenye kitanzi cha shingo, uuache uanguke mbele ukilifunika kila kitu.

5. Shika ulimi mfupi kwa mkono wa kushoto, sukuma fundo juu polepole kwa mkono wa kulia. Acha nafasi ya vidole viwili. Kravati haikazwi kama tai.

6. Tandaza ulimi wa mbele kwa vidole mpaka umfiche kabisa mwenzake, na uinue kidogo sehemu ya juu ili ijae.

7. Inamisha kidevu taratibu na uinue, mara mbili au tatu. Mikunjo itajipanga kufuata shingo yako. Beau Brummell, mtanashati wa London wa mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akifanya hivyo na kravati zake za kitani zilizotiwa wanga kidogo: anashusha kidevu polepole mpaka kitambaa kirefu kikunjike kwa kimo sahihi.

8. Ingiza ndimi zote mbili ndani ya shati, zilale bapa. Funga kifungo cha pili, rudisha kola chini. Kila ulimi unapaswa kufika angalau sentimita 20 chini ya fundo; pungufu ya hapo, utachomoka ukikaa.

Kama kitambaa kinateleza, chukua pini ndogo ya nepi na uibane safu ya nyuma ya fundo kwenye ulimi mfupi. Isipite hadi mbele. Ni njia ya uhakika kuliko kukaza.

Ukiona kifua kimetokeza mno, kitambaa ni kingi kati ya fundo na kifungo: vuta ndimi chini kutokea ndani ya shati, usilisukume fundo. Uwazi ukionekana kati ya kravati na shingo upande mmoja, mkanda umekaa kombo nyuma. Fungua uanze upya, kwa sababu kuurekebisha ukiwa umefungwa kunayaharibu marinda. Na kama kola inaachama pande mbili, ama ni laini ama kitambaa ni kinene kupita kiasi. Hapo badilisha shati.

Kuhusu rangi tutasema machache. Kravati yenye vidoti au maua madogo inakwenda na shati tupu, na shati la mistari linataka kravati tupu. Seti ya kravati na kitambaa cha mfukoni vya nguo ileile huonekana kama sare ya wahudumu, kwa hiyo chukua rangi moja tu ya kravati uirudie mfukoni. Juu yake vaa blazia, koti la kitani au sweta ya shingo ya V. Katika Zaire ya Mobutu, ambako suti na tai vilipigwa marufuku hadi 1990, kravati ilijaza shingo ya abakosti, koti lililovaliwa bila shati wala tai. Anayevaa abakosti leo anahitaji singlendi ya kuzishika ndimi, na afunge bila ule mzunguko wa hatua ya 3, maana kola ya abakosti hufunga juu na haina nafasi ya fundo nene.

Mwenye skafu nyembamba ndefu isiyotosha kufunga fundo pana ana njia ya zamani. Askari wa Kroatia waliopigana upande wa Ufaransa katika karne ya 17 ndio waliowapa Wafaransa mtindo wa kitambaa cha shingoni, na baada ya vita vya Steenkerque, mwaka 1692, ukaenea mtindo wa kuzisokota ncha pamoja na kuzichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti. Inasimuliwa kwamba maofisa wa Kifaransa walishtukizwa na adui, wakakosa muda wa kufunga vizuri. Msokoto huo unashika hadi leo kwenye koti lenye tundu halisi la kifungo.

Ya sherehe

Hii huvaliwa na kola ya mbawa (iliyosimama, ncha zake zikikunjwa mbele) au kola iliyofungwa hadi juu, na mkanda unazunguka nje ya kola. Funga fundo dogo la kawaida la tai katikati ya koo, ndimi zikiwa karibu sawa kwa urefu. Inua ulimi wa kulia ulaze kwa mshazari kuelekea kushoto, kisha wa kushoto juu yake kuelekea kulia, vikutane mbele ya fundo na kulifunika. Chomeka pini ya kravati panapopishana, ikipita tabaka zote mbili na kushika fundo, kisha shusha ndimi ndani ya kizibao. Pini ikishika tabaka moja tu, ndimi zitaachana ukianza kutembea. Kizibao kifungwe juu kiasi cha kuficha mwisho wa mpishano. Ukialikwa Uingereza, uliza kanuni za mavazi kabla: Royal Enclosure, eneo la wageni maalumu kwenye mbio za farasi za Ascot, mahali palipoipa kravati hii jina lake la Kiingereza, sasa inataka tai na inakataza kravati.

Kutunza

Fungua kwa kurudisha hatua nyuma moja moja. Kuuvuta ulimi mmoja ili fundo lifyatuke kunakata mishono ya marinda. Iache itundikwe penye hewa usiku kucha jasho likauke, na usivae ileile siku mbili mfululizo. Mikunjo itolewe kwa mvuke wa birika, kravati ikishikwa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni mwake. Pasi ikilazimu, iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa, na marinda usiyabonyeze kabisa.

Jasho la shingo ndilo linaloiua hariri, hasa kwenye mkanda. Ifue kwa maji ya baridi na shampuu kidogo ya mtoto, bila kusugua wala kukamua. Ikunje ndani ya taulo ulibonyeze, kisha ianike kivulini. Jaribu rangi kwanza kwenye ncha ya ulimi mfupi kwa pamba yenye maji, na ikitoka, peleka kwa dobi wa kufua bila maji. Dawa za kung'arisha zenye klorini zinaila hariri yenyewe, wala si rangi tu. Tone la maji likiacha duara, loweka kravati nzima kwa usawa, kwa sababu kulisugua lile duara kunalipanua. Ihifadhi ikiwa imeviringishwa kuanzia ulimi mfupi, kwenye droo kavu.